Hodi ya Nne

Watu walisema Nasma kafanya moyo wa jiwe. Dada mtu kafa, tumbo moja, ziwa moja, na yeye hata chozi hakulitoa. Matanga hayajapoa, kesharudi Kibiti kubonyeza kompyuta. Watu nao, mdomo hauwalipishi kitu! Nasma hakuwa na moyo wa jiwe. Alikuwa amekufa ganzi. Chai aliinywa bila sukari asitambue mpaka kikombe kikaisha. Ukimsalimia aliitika vizuri tu, "Salama, alhamdulillahi," na ukimwuliza punde baadaye ni nani aliyepita, hajui.

Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mabati na saruji, karibu na stendi. Walikuwa na programu yao ya simu, wakaiita Mwito. Mtu aliyeko Mbwera au Kiongoroni, vijiji vya delta kusikofika gari, akitaka boti ya injini, anabonyeza simu. Ombi linakwenda kwenye seva, yaani ile kompyuta kubwa inayopokea maombi yote. Seva inamtafuta nahodha, nahodha akikubali, mwombaji anajibiwa. Mwenye magunia ya mpunga au kamba wa kupeleka sokoni anabonyeza kitufe cha kijani. Mwenye mgonjwa anabonyeza chekundu. Nasma ndiye aliyeiunda programu hiyo, na utotoni alilelewa Mbwera kwa bibi yake, kwa hiyo wenyeji wa huko waliiona ya kwao.

Kilichompa sifa zaidi ni kipande kimoja cha programu alichokiita hodi. Simu ilikuwa inabisha kwenye seva. Isipoitikiwa inangoja kidogo, inabisha tena. Ikishabisha mara tatu bila kuitikiwa, inaondoka kimya kimya. Kwani adabu si ndiyo hiyo? Mtu hodi zake tatu, asipokaribishwa anageuka alikotoka, wala hanuni. Mwenye nyumba huenda kalala, huenda anaoga, huenda hataki wageni tu, na ni haki yake. Na ili watu wa delta wasitishwe na maneno makali ya kompyuta, Nasma aliandika yatokee kwenye kioo cha simu maneno ya upole: "Ombi lako limetumwa. Tafadhali subiri." Siku ya kuizindua pale Mbwera wazee walicheka mpaka wakashika mbavu. Lo, mashine ina adabu kushinda wajukuu zao! Nasma akawaambia, kwa kinywa chake mwenyewe, kwamba tangu leo wasiwasumbue manahodha kwa kuwapigia simu. Bonyezeni, alisema, halafu msubiri.

Zabibu, dada yake, alikuwa ameolewa Kiongoroni, huko mwisho kabisa karibu na bahari. Alijifungua nyumbani mtoto wa kike, mzima, mwenye nywele tele. Lakini damu haikukatika. Mumewe, Saadi, alitoka mbio mpaka ufukweni, kwenye ile sehemu pekee mtandao unaposhika, akabonyeza kitufe chekundu. Hayo ni maneno yake Saadi. Waliokuwa wakivuta nyavu walikuwa na maneno yao: walimwona kakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, simu kaishika kwa mikono miwili, anaitazama, haendi mbele wala nyuma. Maji ya bahari yakaanza kutoka. Alipoinuka hatimaye kutafuta mtumbwi wa kupiga kasia, vijito vilikuwa vimebaki tope. Zabibu alikata roho njiani, kabla hawajaiona Mbwera.

Matanga yalikaa Umwe, kwa wazazi. Na hapo, mbele ya watu, mzee Mrisho, baba yake Nasma, akauliza swali ambalo kila mmoja alikuwa akilitafuna.

"Nasma, wewe ndiye mwenye mtambo. Saadi anasema aliita boti. Aliita au hakuita?"

Nasma akafungua kompyuta yake ya mapajani palepale mkekani. Akatafuta siku ile. Akatafuta Kiongoroni. Akatafuta kila kosa lililoandikwa na seva. Hakukuwa na kitu.

"Hakuna, baba."

Saadi akamnyooshea simu yake. "Shemeji, hebu tazama mwenyewe. Nilibonyeza, haki ya Mungu nilibonyeza."

"Seva haidanganyi, shemeji," Nasma alisema, na simu hakuipokea.

Maneno mawili matatu, basi, mtu kachinjwa. Bi Mwantum, mama yake Nasma, akamchukua mtoto, Waride, akamwambia mkwewe asikanyage tena pale. Mwanamume gani anamwacha mke anamwagika damu, yeye kakaa anachezea simu? Mtaa mzima ukaitikia ndiyo. Saadi akahamia Ikwiriri kufyatua matofali ya watu. Kila Ijumaa baada ya sala alikuja Umwe na kopo la maziwa ya mtoto. Akasimama nje, akabisha hodi tatu. Ndani wakanyamaza, hata sufuria ikawekwa chini polepole. Akaliweka kopo kizingitini, akaondoka. Maziwa yalinyweshwa mtoto, maana maziwa hayana kosa, lakini jina la aliyeyaleta halikutajwa.

Hayo yote Nasma aliyasikia kwa simu kutoka kwa mama yake, na akaitikia, "Haya, mama."

Ikaja siku bosi wake, Bi Hanifa, akamwambia kuna vijiji vipya vinaingizwa kwenye Mwito. Seva ipanuliwe. Na logi zifunguliwe, wajue nani anaita, wapi, na anajibiwa baada ya muda gani. Logi ni yale ambayo seva hujiandikia yenyewe kila inapofanya jambo. Zamani ilikuwa inaandika kila kitu, mpaka diski ikajaa, seva ikaanguka. Nasma akaifunga mdomo kwa mstari mmoja tu kwenye faili la mipangilio: andika makosa, mengine yaache. Tangu hapo ilikuwa seva ya kimya, na kila mtu aliipenda kwa ukimya wake.

Basi siku ile akalifungua lile faili, akaubadili mstari. Andika yote. Akairuhusu logi ijikate yenyewe ikinenepa, ya zamani ijifute, isije ikajaza diski tena. Thredi nazo akazipa majina. Thredi ni kama wahudumu wa mgahawa ndani ya seva: kila mmoja anachukua mteja mmoja, na asipomaliza naye hachukui mwingine. Nasma alikuwa ameweka wachache, maana mashine yenyewe ilikuwa ndogo, na alipopiga hesabu ya maombi ya kutwa nzima aliona wanatosha na kubaki. Alifanya kazi hiyo vizuri, mkono mmoja ukifuata mwingine, bila kuhisi lolote. Akaiwasha seva upya. Ismaily, kijana waliyekaa naye meza moja, alikuwa amenunua mihogo ya kukaanga. Akamsogezea, naye akala kama anayetafuna karatasi.

Kwa siku kadhaa logi zilipita kwenye kioo taratibu, ombi moja hapa, ombi moja pale. Ismaily alichoka kuzitazama. Kisha asubuhi moja kioo kikaanza kukimbia.

"Dada, ona hii," alisema Ismaily. "Leo kuna harusi huko delta au nini?"

Maombi yalikuwa yanaingia kwa mkupuo. Mpunga, kamba, abiria, abiria, makuti, mpunga. Kila mhudumu alikwisha chukua wake, na chini ya jina la kila mmoja seva iliandika maneno yaleyale: namsubiri nahodha. Namsubiri nahodha. Namsubiri nahodha. Manahodha wenyewe walikuwa wamekwisha ingia kwenye vijito, katikati ya mikoko, kusiko na mtandao. Wahudumu wote walikuwa wamesimama na sinia mikononi, wanamngoja mtu asiyesikia, na Nasma hakuwahi kuwawekea kikomo cha kungoja.

Halafu likaja ombi la mfanyabiashara mmoja wa Mbwera. Seva ikaandika: mlangoni, hodi ya kwanza. Mlangoni, hodi ya pili. Mlangoni, hodi ya tatu. Ameondoka.

"Huyu kaondoka," alisema Ismaily, mdomo umejaa mhogo. "Mbona haijatiwa kwenye makosa?"

"Kusubiri si kosa," Nasma alimjibu.

"Na kuondoka je?"

"Kuondoka ni adabu."

Aliyasema hayo kwa sauti yake ya kila siku. Kisha akayasikia. Akaweka mhogo chini, akaufuta mkono kwenye kanga, akaufuta tena.

"Ismaily. Maji yakoje leo?"

"Bamvua hili, dada, maji yamejaa kupita siku zote. Hukuona mwezi ulivyokuwa mpevu?"

Aka! Hata mtoto wa chekechea pale Mbwera anajua kwamba mtu wa delta haiti boti kwa kufuata saa ya ukutani. Anaita maji yakijaa, maana yakitoka boti inakaa kwenye tope kama kiboko. Na yakijaa yamejaa kwa wote. Kila mwenye gunia, kila mwenye ndoo ya kamba, kila mwenye safari, wote wanabonyeza kwa pamoja. Nasma alikulia kwenye maji hayo. Kisha akaja Kibiti, akakaa juu ya duka la mabati, akachukua maombi ya kutwa akayagawa kwa saa za mchana kama anagawa mkate. Zaidi ya hapo, kitufe chekundu na cha kijani aliviweka foleni moja. Mgonjwa alisimama nyuma ya ndoo ya kamba.

Zabibu alikufa mwezi ukiwa mpevu. Hilo hakuhitaji kulitafuta popote. Kwenye matanga walikaa nje bila taa, na mama yake alisema mwezi hauna haya, kuwaka namna ile juu ya msiba.

Kwa hiyo Saadi alibonyeza. Simu yake ikabisha mara tatu kwa adabu zote, wahudumu wote wameshikwa na wenye mpunga, na ikaondoka kwa adabu zote. Seva haikuandika neno, kwa kuwa iliamriwa isiandike lisilo kosa. Na simu ikamwambia Saadi maneno ya upole aliyoyatunga Nasma mwenyewe. Tafadhali subiri. Akakaa juu ya mtumbwi akasubiri, kama alivyofundishwa.

"Dada, vipi? Unaumwa?"

"Siumwi."

Na kweli hakuumwa, hilo ndilo lililomtisha. Angeshukuru lau kifua kingemuuma kidogo. Kilikuwa kitupu, na vidole vyake vikarudi kwenye kazi vyenyewe. Akatenga wahudumu wa kitufe chekundu peke yao, wasiguswe na mpunga wala kamba. Akawawekea wote kikomo: nahodha asipojibu upesi, mwache, mtafute mwingine. Akayafuta yale maneno ya upole. Mgonjwa asipojibiwa, simu imwambie waziwazi kwamba hajajibiwa, apige simu, atafute mtumbwi. Kisha akaifungua hodi yake, ile iliyochekesha wazee, akafika kwenye namba tatu, akaifuta.

Ismaily alikuwa anamchungulia begani. "Unaweka ngapi?"

"Siweki. Ya mgonjwa ibishe mpaka iitikiwe."

"Bila kikomo? Dada, huo si utovu wa adabu?"

"Mwenye mgonjwa hana adabu, Ismaily. Aachiwe apige kelele."

Akaiwasha seva upya, akamwendea Bi Hanifa, akamweleza yote. Bi Hanifa akasema jambo kama hilo halijulikani mpaka litokee, na hakuna aliyelikusudia. Nasma akasema ndiyo, bibi. Akaomba ruhusa ya Ijumaa.

Njia nzima ya kwenda Umwe alikuwa akiyapanga maneno yake. Baba, nina neno. Mama, kaa chini. Lakini alipofika alimkuta mama yake anamwogesha Waride kwenye beseni, mtoto anapiga maji mateke, mama anacheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kumwona anacheka. Baba akarudi kutoka msikitini. Wali ukapakuliwa, na samaki wa nazi. Nasma akalishika tonge. Akajiambia baada ya kula. Walipomaliza, akajiambia baada ya vyombo. Kumbuka, mambo kama haya hayana wakati mzuri, na mwenye kuutafuta anajidanganya tu.

"Hodi," ikasema sauti nje.

Bi Mwantum akainua kidole. Mzee Mrisho akaikazia macho sahani iliyokwisha liwa. Waride alikuwa anatoa vijisauti mapajani kwa bibi yake, bibi akamtia kidole mdomoni ili anyamaze.

"Hodi."

Nasma alikuwa kwenye mkeka, hatua chache tu kutoka mlangoni. Alitaka kuitika. Neno lenyewe jepesi, karibu, hata kasuku analisema. Akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Wote wanne ndani ya chumba kile walikuwa wazima, na wote walikuwa wanasubiri.

"Hodi."

Kopo likagonga kizingiti. Hatua za ndala zikaanza kwenda, bila haraka, bila hasira. Ndipo Nasma akainuka. Akafungua mlango, akalipiga kopo teke kwa bahati mbaya, likabingirika uani, akapita mbio bila viatu.

"Saadi! Shemeji, rudi! Rudi, nakuomba!"

Saadi akageuka. Alikuwa amekonda, vumbi la matofali limemkaa kwenye nyusi. Alimtazama kama mtu anayetazamia kutukanwa, yuko tayari.

"Uliita," Nasma alisema. "Ulibonyeza, ukabisha mara tatu. Mimi ndiye sikukuitikia. Nipe simu yako."

Saadi akaitoa mfukoni, kioo kimepasuka pembeni. Ombi lake lilikuwa limo bado, siku ileile, kitufe chekundu, hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na chini yake: Ombi lako limetumwa. Tafadhali subiri. Nasma akarudi naye mpaka mlangoni. Saadi akasimama nje, hakuvuka, kwa kuwa wenye nyumba hawajasema.

Nasma akaingia akapiga magoti mbele ya baba yake, akamwonyesha simu. Akaeleza. Alieleza vibaya, alianza na wahudumu akarudi kwenye maji, lakini mzee Mrisho si mjinga, na alipoyasoma yale maneno kwenye kioo kilichopasuka akaelewa yote.

"Astaghfirullah," alisema. "Tumemla nyama mtoto wa watu."

Bi Mwantum hakuitazama simu. Alimtazama Nasma.

"Si wewe uliyesema hakuna?"

"Ndimi, mama."

"Alikupa simu hiyo mbele yetu sote."

"Alinipa."

"Ukakataa kuitazama."

"Nilikataa, mama."

Bi Mwantum akainuka na mtoto. Akampita Nasma kama anavyopitwa mtu aliyekaa njiani, akaenda mpaka mlangoni.

"Karibu, mwanangu," akamwambia Saadi, na sauti ikamvunjika. "Karibu ndani. Mwanao yu macho, ndiyo kwanza kaoga."

Saadi akavua ndala. Akamtwaa mwanawe kwa mikono yenye nyufa, akaufukia uso wake kwenye zile nywele, mabega yakaanza kumcheza. Nasma hakuweza kuyaangalia. Akatoka nje kwa upole ili awapishe, akaliokota kopo, akalifuta mchanga. Nyuma yake mlango ukarudishwa. Haukubamizwa. Ulirudishwa tu, na komeo likaingia.

Akabaki uani na kopo lake. Kule ndani alimsikia baba yake anaomba radhi, alimsikia mama yake analia, alimsikia Saadi anasema yamekwisha, mama, yamekwisha. Jina lake yeye hakulisikia.

"Hodi," alisema.

Ndani wakanyamaza.

"Hodi."

Aliijua adabu. Alikuwa ameifundisha hata mashine. Mwenye nyumba huenda hataki wageni, na ni haki yake.

"Hodi."

Hakuna aliyeitika. Jirani aliyekuwa anapeta mchele ng'ambo ya ua aliacha ungo akatazama. Nasma akauegemeza uso kwenye mbao za mlango, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu Zabibu afe, kitu kikamchoma kifuani, kikali, mpaka akajishika.

"Hodi!" akabisha ya nne, kwa kelele, machozi yanamwagika. "Mama, hodi!"